Bahasha za Miss D'Mello

Thika, 9 Machi 1956

Baba Katunge,

Mimi ni mzima, mtoto ni mzima, kinanda cha kanisa ndicho mgonjwa. Kanyagio la kushoto limekatika ukanda, na Jumapili nilipiga wimbo wa sadaka kwa mguu mmoja kama kuku aliyefungwa. Mchungaji alisema nimepiga vizuri sana. Huyo hana masikio, ana shukrani tu.

Wimbo wako wa nne umefika. Mstari mmoja wa solfa, do-re-mi tu, umeuandika nyuma ya karatasi ya oda za vinywaji ya hiyo klabu yenu ya Wazungu, na mtu ameweka glasi juu yake. Nimeuandika upya safi, na chini yake nimepanga sauti nyingine tatu. Karibu na mwisho wa wimbo, pale ambapo kanisani tungeimba "te", nimeweka "ta", ile iliyoshuka nusu. Igonge polepole. Utamsikia mtu aliyekuwa karibu kulia akaamua kucheka. Mimi nilicheka peke yangu darasani mpaka watoto wakaacha kuandika wakanitazama.

Sasa nisikilize. Usimwambie mtu yeyote hapo Ruiru kwamba huo ni mkono wangu. Wazee wa kanisa wakisikia mwalimu Ndunge anapanga muziki wa jazi, kinanda wataninyang'anya kabla ya Pasaka.

Halafu, huyo Amida ni nani? Katika barua yako ya kurasa mbili nimemhesabu mara sita. Mimi nimetajwa mara moja, kwenye salamu.

Ni mimi, niliyekuonyesha do iko wapi,
Ndunge


Ruiru, 17 Machi 1956

Mama Katunge,

Salamu mara saba, ili usiseme Amida amekushinda.

Ile "ta" yako itaniua. Jumapili mchana niliigonga holini, na Salehe mpiga ngoma aliacha kupiga akanigeukia kama nimemkanyaga. Kisha watu wote wakasimama. Unaijua piano yetu, ile kuukuu ambayo klabu iliitupa: vibao vinane havilii kabisa. Lakini siku hiyo hakuna aliyejua kama kuna kibao kisicholia. Mzee mmoja wa mashamba ya kahawa alikuja kunishika vidole kimoja kimoja, anatafuta sauti imetoka wapi.

Unakumbuka yule Mtaliano aliyekuwa akiwapigia Wazungu piano? Tangu arudi kwao na meneja anikute mimi mfuta vumbi ninapiga nyimbo zake zote kwa kusikia tu, maisha yangu yamebadilika. Jumamosi napiga klabuni. Jumapili napiga kwetu. Katikati ya wiki nafuta meza huku nasikiliza santuri za Amerika zinazochezwa na Wazungu kwenye gramafoni, na kila wimbo unaingia kichwani na viatu vyake.

Wimbo wetu tumeuita "Amida". Usikasirike. Desturi ya holi hili ni kwamba wimbo huitwa jina la aliyeuimba kwanza mbele ya watu, na Amida ndiye mwimbaji wetu. Ungekuwa hapa ukauimba, ungeitwa "Ndunge".

Pasaka sitakuja. Klabu ina dansi siku tatu, na bila barua ya ruhusa ya meneja siwezi kupita vizuizi vya askari vya hii Hali ya Hatari. Nimekutumia mstari mwingine. Uufanyie kama ule, tafadhali.

Mumeo,
Mulei


Thika, 20 Machi 1956

Kanini mdogo wangu,

Sina muda wa salamu, roho inanichoma. Wewe umeolewa Gitothua, na holi wanalopiga jazi hapo Ruiru unaweza kulifikia kwa miguu. Nenda Jumapili. Usivae ile kanga nyekundu, shemeji yako anaijua.

Nataka kujua huyo Amida ana miaka mingapi, ana meno mangapi, na akiimba anasimama umbali gani kutoka kwenye piano. Hesabu kwa hatua. Wimbo niliokaa nao siku nne, nikaupangia sauti mpaka sima ikaungua, sasa unaitwa kwa jina lake! Na mume wangu ananieleza desturi, kana kwamba mimi ni mgeni wa serikali.

Usimwambie Mbuvi mumeo. Mdomo wake haufungi.

Dada yako,
Ndunge


Gitothua, 9 Aprili 1956

Dada,

Aiya mwaitu, mama yangu wee, nimeenda, na nimerudi nikiwa hai.

Amida ana mimba ya miezi minane. Mumewe ni huyo huyo Salehe mpiga ngoma, jitu la Kiislamu lenye mikono kama nguzo za simu, na halimwondolei mkewe macho hata likipiga ngoma. Amida anasimama hatua tano kutoka kwenye piano. Nne ni za heshima, moja ni ya tumbo. Meno anayo yote. Amenipa maandazi. Mimi nampenda.

Sasa ule wimbo. Dada, mimi ni mtu wa kanisa, lakini niliucheza mara tatu na viatu nikavua. Shemeji anapiga, Ndunge! Anafunga macho, mkono wa kushoto unakwenda zake kama mtu anayetembea, wa kulia unamchokoza. Sikujua kama kwetu kunaweza kutoka kitu kama kile.

Lakini kuna neno sikulipenda. Baada ya makofi alisimama akasema, "Wimbo huu nimetunga mimi mwenyewe, na kila sauti mmesikia imetoka kwa hii kichwa yangu." Watu wakapiga makofi tena. Najua wewe ndiye uliyemwambia afiche jina lako. Hata hivyo nilitamani angemeza mate kidogo kabla ya kusema.

La pili: Mbuvi, ambaye unajua anafanya kazi stesheni, alimwona shemeji Jumatano akipanda gari la moshi la Nairobi. Tai mpya, nywele zimepakwa mafuta, bahasha kubwa kwapani. Alimwomba Mbuvi asimwambie mtu. Mbuvi akaniambia mimi, na mimi hakuna aliyeniomba.

Mdogo wako,
Kanini


Thika, 14 Aprili 1956

Mulei,

Mstari wako wa solfa nimeuona. Nimeurudisha jinsi ulivyokuja, mtupu. Kwa kuwa kila sauti inatoka katika kichwa chako, kitikise vizuri, hizo tatu zitaanguka zenyewe.

Naambiwa umenunua tai. Hongera. Hapa nyumbani hujawahi kuivaa, kwa hiyo nauliza, Nairobi kuna nani wa kuitazama?

Nakumbuka mwaka ule ulipokuja mara ya kwanza kanisani, huna hata kola, unaomba kukanyaga kinanda tu, ili usikie kwa karibu. Mimi nilikaa kwenye vibao, wewe ukakanyaga. Jana nilifunga kanyagio kwa kamba ya katani, nikapiga peke yangu. Karibu kujibu.

Ndunge


Ruiru, 19 Aprili 1956

Mama Katunge,

Mtu wa kukuambia nilisema hivyo holini ni mmoja tu, na ana kanga nyekundu. Nilimwona. Alikuwa ameificha ndani ya koti, lakini alipovua viatu kila kitu kilionekana.

Nilisema uongo kwa sababu wewe uliniagiza. Ungetaka niseme nini? Kwamba sauti zimetoka kwa malaika?

Kuhusu Nairobi, usiniulize. Kuna jambo. Si baya. Likifika litakuja kwa posta, kupitia sanduku la kanisa kama barua zetu zote, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuliona. Sitaki kulitaja kabla halijaiva, maana nikilitaja likakosekana nitaona aibu mbele yako zaidi kuliko mbele ya Wazungu wote wa klabu.

Nisaidie na ule mstari, nimekurudishia humu. Nimejaribu kuupangia mwenyewe. Unasikika kama viti vinavyoburutwa.

Mulei


Thika, 8 Mei 1956

Kanini,

Nimempata.

Mzee Muthoka, mlinzi wetu wa kanisa, huleta barua kutoka posta kila Jumanne, na kwa kuwa hajui kusoma mimi ndiye ninayezigawa. Leo ilikuwamo bahasha nyeupe, nene, ya Mulei. Imeandikwa kwa mkono, wino wa bluu, herufi zimelala kama mtu aliyeshiba. Nyuma: Miss C. D'Mello, Nairobi. Miss, Kanini. Si Mrs.

Kwa hiyo hili ndilo jambo linaloiva. Hili ndilo la tai. Mwanaume gani anamwambia mwanamke mwingine amwandikie kwa sanduku la kanisa, ipitie mikononi mwa mkewe? Ama ananidharau kiasi hicho, ama amechanganyikiwa kiasi hicho.

Sijaifungua. Kufungua barua ya mtu ni wizi, na mimi si mwizi. Nimeiweka tu, shuleni, chini ya boksi la chaki. Akiitaka ataiulizia, na akiiulizia nitamtazama usoni.

Usiku silali. Nampigia huyo Miss picha kichwani. Nimempa kiuno, nimempa kofia, jana nikampa na piano.

Ndunge


Gitothua, 12 Mei 1956

Dada,

Ifungue au umpe. Barua ukiifungua ni kosa moja. Ukiificha bila kuifungua ni kosa moja na upumbavu mmoja, maana hata unachokasirikia hukijui.

Amida amejifungua mtoto wa kike. Ameniuliza kama wewe ndiye unayepanga zile sauti. Nikasema sijui. Akasema, "Mimi najua. Huyu Mulei akipanga mwenyewe, mimi siwezi pata pahali pa kuingia."

Kanini


Ruiru, 2 Juni 1956

Mama Katunge,

Kuna barua yoyote imekuja ya jina langu? Angalia tena, hata katikati ya magazeti ya mchungaji. Muulize Muthoka kama amesahau kitu mfukoni.

Meneja ameleta kijana wa Kigoa, wale Wahindi Wakristo, kutoka Nairobi anayesoma nota za Kizungu, zile za mistari mitano. Anapiga yaliyoandikwa, basi, hata nzi akitua kwenye karatasi atampiga. Lakini Wazungu wamempenda. Mimi nimerudishwa kwenye trei. Piano naruhusiwa kuifuta.

Ndiyo maana nangoja hiyo barua. Jumapili bado napiga holini, lakini nimeanza kujisikia mtu wa Jumapili tu.

Mulei


Thika, 6 Juni 1956

Baba Katunge,

Hakuna barua. Nimeangalia.

Pole kwa habari ya trei. Mtoto anakohoa kidogo. Nimekutumia sauti za ule mstari wako, nimezipanga jana.

Ndunge


Ruiru, 30 Juni 1956

Mke wangu,

Kaa chini kwanza.

Nilipopanda gari la moshi mwezi wa Aprili, kwa ruhusa ya siku moja, nilikwenda kwenye kampuni moja inayotoa santuri. Nilipeleka nyimbo zetu nne, zile ulizoziandika kwa mkono wako mzuri, nikaacha anwani ya sanduku la kanisa, maana barua zinazokuja klabuni meneja huzipitia. Sikukuambia kwa sababu nilitaka siku moja ufungue sanduku na uone mwenyewe, halafu uje Ruiru unanifokea huku unacheka.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikaomba ruhusa tena nikaenda kuuliza. Karani pale, msichana wa Kigoa mwenye miwani, jina lake Miss D'Mello, alinitazama kama maiti iliyofufuka. Akasema, "Wewe ulikuwa wapi? Tuliandika mara mbili." Chumba chao cha kurekodia kilikaa wazi kwa ajili yangu siku nzima, tarehe nne Juni. Walingoja. Hakuna aliyekuja. Ile nafasi wakawapa watu wengine. Bwana wa kampuni aliyeandika barua hizo hakuwapo, na karani, ambaye huandika bahasha tu, hakukumbuka zaidi.

Siku hiyo tarehe nne nilikuwa nabeba trei.

Barua mbili haziwezi kupotea zenyewe, Ndunge. Nimefikiri njia yote kurudi. Anayezigusa ni wawili tu, wewe na Muthoka. Mzee yule ni mlevi wa siri, wote tunajua, na karatasi nene ni nzuri ya kuwashia moto. Nimemwandikia mchungaji barua, naituma Ijumaa ijayo. Nataka aondolewe kazi hiyo. Amenichukulia kitu ambacho hata hajui jina lake.

Mulei


Thika, 4 Julai 1956

Mulei,

Usiitume hiyo barua kwa mchungaji. Ichane.

Muthoka hakugusa kitu. Barua zako mbili zimo ndani ya hii. Tazama gundi, sijazifungua hata leo. Nilikuwa najivunia hilo, kwamba sikuzifungua. Nilikuwa naingia kanisani kila Jumapili nikijivunia.

Ya kwanza ilikuja tarehe nane Mei. Niliona jina la mwanamke nyuma nikasema ni wako. Nilikosea, na kosa hilo naweza kulieleza bila kuinamisha uso, mke yeyote angenielewa.

Ya pili ilikuja tarehe kumi na mbili Juni. Hiyo ilikuwa na alama ya santuri ndogo, imepigwa chapa kwenye kona. Niliiona, Mulei. Niliielewa pale pale, nikiwa nimesimama na mzee Muthoka anangoja nimwambie ni ya nani. Nikaweka kidole gumba juu ya ile alama, nikamwambia ni matangazo ya mbegu.

Kwa hiyo usiniambie ni wivu wa mwanamke. Nilikuwa nimekwisha kujua hakuna mwanamke. Ningekuonea wivu hata ungekuwa unaishi na mapadri. Mimi ndiye niliyekufundisha. Mimi ndiye ninayesikia sauti nne kwa pamoja nikiwa nakoroga uji, na wewe huwezi kupanga hata mbili bila kuburuta viti, umesema mwenyewe. Lakini wewe ndiye unayesimama watu wakapiga makofi. Mimi nikimaliza kupiga, watu wanasema amina na kutafuta viatu vya watoto wao. Nilikuambia ufiche jina langu, halafu nikakuchukia kwa kulificha.

Nilifikiri, akienda kwenye santuri sasa hatarudi kuwa mtu ninayemzidi kitu. Hilo ndilo nililolifikiri. Limekaa ovyo nikiliandika, lakini ndilo.

Nimekupotezea siku ile. Siombi unisamehe kwa barua. Ukija nyumbani nitakuwapo, ukiniambia niondoke nitakwenda kwa Kanini.

Ndunge


Ruiru, 15 Julai 1956

Ndunge,

Barua ya mchungaji nimeichana. Muthoka nitamletea tumbaku, na sitamwambia kwa nini.

Hasira zangu nimezimaliza kwa Salehe. Nilimpigia kelele kutwa nzima kana kwamba yeye ndiye wewe, naye akanipa chai. Nimekusamehe? Niulize mwaka ujao. Siku nyingine asubuhi naona nimekusamehe, kufika saa sita imekwisha.

Lakini lazima nikuambie kilichomo ndani ya bahasha, maana wewe hujui.

Ya kwanza ilituita wote wawili. Nyuma ya zile nyimbo niliandika, "Nyimbo ni za Mulei, sauti zimepangwa na N. Mulei." Sikuweza kuzipeleka bila jina lako, na sikutaka kulitaja lote. Walitutaka tarehe nne, mimi kwenye piano, na huyo N. Mulei kando ya wapigaji wengine awaelekeze.

Ya pili nimeirudisha kwako ndani ya hii. Nimeisoma mara nyingi, Kiingereza changu kinatosha. Bwana wa kampuni anasema wapiga piano anao, na mmoja wao anasoma nota, kwa hiyo mimi nisisumbuke. Nyimbo zangu anaziita nyimbo nzuri za kawaida. Lakini sauti zile, anasema, hajaona mtu katika nchi hii anayezipanga hivyo, na anamtaka huyo bwana N. Mulei aje awapangie vikundi vyao vyote, hata kama ndugu yake mpiga piano hawezi kuja. Nafasi hiyo anamwekea mpaka mwisho wa Agosti. Miss D'Mello ndiye wa kumjibu. Itabidi umweleze kwamba bwana ni bibi, na mambo ya wazee wa kanisa uamue mwenyewe.

Nimekaa na karatasi hii siku saba. Hukuuliza mbona nimechelewa kujibu, lakini nitakuambia. Siku ya kwanza niliipeleka jikoni kwa klabu, nikasimama mbele ya jiko. Siku ya pili pia. Siku ya tatu nilikwenda holini mchana, hakuna mtu, nikapiga wimbo wetu peke yangu bila zile sauti zako, mstari wangu mtupu, nisikie kama yule bwana amesema uongo.

Hakusema uongo.

Basi andika, ukubali, uende. Mimi nitakuja nyumbani mwisho wa mwezi, meneja amenipa ruhusa. Ila jua jambo moja kabla sijafika, ili tukae mezani sawasawa. Barua hii ingefika mikononi mwangu kwanza, Ndunge, wewe usingeiona kamwe.

Mulei